Buni Tisa za Bibi Apolonia

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote za miaka yangu ya kazi si kilio cha mtoto mchanga, ingawa vilio nimevisikia mpaka nikaweza kusema huyu ana njaa na huyu ana hasira tu. Ni sauti ya punje moja ya buni ikidondoka ndani ya kopo tupu la mafuta ya kupikia. Ta. Halafu inazunguka kidogo juu ya bati, inatulia.

Siku ya kuniaga mliniambia, "Dada Filo, utuandikie basi ile ya mwezi." Ninyi wadogo zangu wa zahanati mmeikuta hadithi hiyo imeshaiva: Filo aliangalia angani, akajua siku, akamwokoa Roza. Imesimuliwa mpaka kwenye semina, na mimi nimekaa pale nikinywa soda, nimenyamaza. Sasa nina muda. Nitaiandika ilivyokuwa, na mwishoni mtaamua wenyewe kama soda ile ilikuwa halali yangu.

Nilianza kazi miaka ile maduka yalipoanza tena kujaa sabuni. Kabla ya hapo tulikuwa tukifulia majani ya mpapai, na mtu akipita ananukia mche mzima wa sabuni, mnageuka kumwangalia. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikajaribu cherehani, cherehani ikanishinda. Baba akanipeleka zahanati ya parokia, pale Kibosho, nikafagie na kupiga deki. Vyeo nilivyopata baadaye sitaviandika. Vilikuwa viwili, na kimoja kilikuwa cha muda.

Siku ya kwanza nilipewa sufuria ya mabomba ya sindano niyachemshe. Yalikuwa ya kioo wakati huo, yanachemshwa na kutumika tena, msicheke. Nikawasha jiko la mafuta ya taa, nikasimama dirishani. Mlima ulikuwa umefunguka. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yamekaa kiunoni tu, na theluji juu ilikuwa na rangi ya maziwa yanayoanza kupoa. Nilitoka kabisa katika chumba kile, nikaenda zangu. Kilichonirudisha ni harufu ya sufuria inayoungua.

Nesi Yasinta alisimama mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vyeupe ambavyo matope ya Kibosho hayakuwahi kuvipata, na mpaka leo sijui alipita wapi. Akaangalia sufuria, akaniangalia mimi.

"Filo, umesharudi kutoka huko juu, au tukuwekee chakula?"

Hakunifukuza. Alinifundisha kila kitu ambacho darasa la saba halikunifundisha. Kile chombo cha mbao kama tarumbeta ndogo, cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, alinikataza kukishika kwa mkono. "Weka sikio, achia mkono. Mkono wako una moyo wake, utakudanganya." Nilichukua wiki tatu kusikia kitu. Niliposikia nililia machozi, na yule mama aliyelala kitandani akashtuka akidhani mtoto amekufa. Nesi akamwambia, "Mtoto mzima, mama. Mgonjwa ni huyu."

Na alinifundisha daftari. Hili lishikeni, maana ndilo litakalorudi. Alisema, "Ukikosea, usifute. Piga mstari mmoja, cha chini kisomeke, andika sahihi kando, weka jina lako. Kosa nalo ni habari. Ukilifuta, mwenzako atalirudia hilo hilo kwa mgonjwa mwingine."

Sasa kuhusu mwezi. Nilikuwa mpenda anga tangu mtoto. Nyumbani kwetu choo kilikuwa mbali, chini ya migomba, na mtu anayekwenda chooni kila jioni kwa miaka kumi na minane lazima ajue nyota au aogope fisi. Mimi nilichagua nyota. Nilizijua chache tu: Kilimia, kile kifungu cha nyota ndogo zilizobanana kama vifaranga, na Nge, mwenye mkia uliopinda. Kwetu Kilimia hupita upande wa mlima. Nge hupita upande wa tambarare, kule mashamba ya mahindi. Na mwezi, ukiutazama kwa uvumilivu, husafiri kati yao. Wiki hii unapita upande wa mlima, karibu na Kilimia. Wiki mbili baadaye umeshuka upande wa tambarare, uko kwa Nge. Kisha unapanda tena.

Watu huniambia, lakini Filo, mwezi si unachomoza mashariki na kuzama magharibi kama jua? Ndiyo. Mfikirieni mama anayepanda kutoka porini, kule tambarare, na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, na juu ya mzigo kuna konokono. Mama anapanda. Mzigo unapanda. Konokono naye anapanda, lakini juu ya mzigo anatambaa kurudi nyuma. Anga ndio mzigo, mwezi ndio konokono. Kila siku saa ile ile, ukiupima kwa nyota zilizo jirani, umerudi nyuma kuelekea mashariki kiasi cha ngumi moja na kidogo ya mkono ulionyooshwa.

Kwa hiyo kila nilipoona mwezi umelala jirani na Kilimia, kesho yake nilichora kinyota kwa penseli kwenye kalenda ya ukutani pale zahanati. Kwa nini? Kwa kupenda tu. Nesi Yasinta aliviona.

"Filo, hizi ni siku zako? Mbona unazitangaza ukutani?"

Nikamweleza ni za mwezi na Kilimia. Akatikisa kichwa. "Bora zingekuwa zako. Zingekuwa na faida."

Miaka ya mwanzo ya tisini, mwezi wa kumi, akaja Roza. Alikuja na mama mkwe wake, Bibi Apolonia, mwanamke mwembamba, mrefu, aliyefunga kanga kwa nguvu kama mtu anayekwenda kugombana. Roza alikuwa amezaa mara moja, kwa upasuaji, na mtoto yule hakuishi hata wiki. Kovu lake lilikuwa baya. Hospitali ya mjini walikuwa wamemwandikia: ujauzito mwingine, uchungu usimkute mlimani. Uchungu ukianza akiwa mbali na chumba cha upasuaji, kovu linaweza kuachia, na hapo tungempoteza yeye na mtoto. Ilibidi ashuke Moshi mapema, akae na kusubiri karibu na hospitali. Mapema kiasi gani? Hilo ndilo lilikuwa swali.

Siku zake za mwezini hazikuwa na utaratibu tangu ule upasuaji, hazikutufaa. Mumewe, Evarist, alikuwa Holili, mpakani, akivusha vitunguu na kurudi na sabuni, na katika miezi mingi alikuja nyumbani mara moja, siku tatu. Tarehe? Evarist alipoulizwa alisema ilikuwa wiki yenye foleni ndefu ya malori. Holili kila wiki ina foleni ya malori.

"Mimi ninajua," Bibi Apolonia alisema. Akatoa kopo kwenye kikapu, akalitikisa, akamwaga buni kiganjani na kuzidondosha tena moja moja: ta, ta, ta. "Aliondoka alfajiri. Mahindi ya porini yameshavunwa. Mwezi ulikuwa mwembamba, umekaa kwa Kilimia. Tangu hapo kila ukirudi kwa Kilimia ninaweka buni moja. Zimefika tatu."

"Na ukiwa na mawingu, Bibi?" Nesi akauliza.

"Ninasubiri utoke, ninaona umepita wapi, ninarudi nyuma kwa ngumi. Mimi si mtoto." Kisha akasema neno ambalo Nesi alilikubali bila kubisha: "Kwetu, buni ya tisa ikiingia, mama halali tena mbali na watu wake. Kabla ya ya kumi mtoto yuko mkononi. Basi huyu ashuke buni ya tisa."

Nesi Yasinta alifikiri, akasema, "Inatosha, na inabaki. Filo, mwandikie tarehe ya kushuka."

Nami nikaandika. Buni tatu, nikaona miezi mitatu. Zimebaki sita, miezi sita. Nikahesabu kwenye kalenda, kidole kikapita safu kwa safu, kikatua katikati ya Aprili. Nikaandika kwenye daftari kwa mwandiko wangu mzuri, kwenye kadi ya Roza pia, na kwenye nafasi ya "tarehe imehesabiwa na" nikaandika Filomena. Nilijisikia msomi.

Januari Nesi Yasinta alikwenda kozi ya miezi minne. Nesi wa parokia ya jirani alikuja kila Jumanne, anapima wengi, anakimbia. Siku nyingine zilizobaki nilikuwa mimi, jiko la mafuta ya taa, na kalenda mpya ukutani, niliyoendelea kuichora vinyota vyangu.

Mwishoni mwa Machi, mvua za masika zimeanza kunyesha kila usiku, Bibi Apolonia akaingia Alhamisi na Roza nyuma yake. Roza alikuwa mkubwa, anatembea kwa kushika kiuno, anatabasamu kama mtu anayeomba radhi kwa kuchukua nafasi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Buni nane. Leo jioni ya tisa inaingia. Tupe barua ya hospitali, ashuke kesho."

Nikatoa kadi. "Bibi, bado. Kadi inasema katikati ya Aprili. Zimebaki wiki karibu tatu."

"Kadi imeandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Na mwezi umeandikwa na nani?"

Kulikuwa na akina mama wengine kwenye benchi. Wakacheka, na mimi nikaona wananicheka mimi. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa tamu, hiyo ndiyo inayoniuma, "Bibi yangu, mwaka una miezi kumi na miwili tu, hatuwezi kuongeza. Labda buni moja umeitumbukiza mara mbili. Uzee nao una mambo yake." Safari hii benchi likacheka upande wangu.

Roza alimshika Bibi mkono, akasema, "Twende, Mama. Dada amesoma." Wakatoka kwenye matope.

Jioni ile nilirudi nyumbani nikiwa nimefurahi kidogo, na huzuni kidogo, kama mtu aliyekula kitu kisicho chake. Mvua ilikuwa imeacha. Pale njia inapovuka mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba, migomba imeachana, na mbingu inaonekana. Jua lilikuwa limeshazama. Juu ya bega la mlima upande wa machweo kulikuwa na mwezi wa siku nne tano, umelala chali kama unavyolala huku kwetu. Na hapo hapo ubavuni mwake, vifaranga vya Kilimia.

Nilisimama miguu ikiwa kwenye maji. Bibi alisema leo jioni. Alijua asubuhi.

Hata hivyo nilijibishia. Sawa, mwezi uko kwa Kilimia, lakini labda ni buni ya nane hii. Nilikwenda mpaka nyumbani nikibishana, nikala mtori bila kusikia ladha yake, nikalala nikibishana. Kulipopambazuka nilikuwa mlangoni mwa zahanati kabla ya mlinzi kuondoka. Nikaenda moja kwa moja kwenye kalenda.

Vinyota vyangu vilikuwa vitatu, na cha jana kilikuwa hakijachorwa. Januari ilikuwa na viwili. Viwili, kwenye mwezi mmoja, kimoja juu kabisa na kimoja chini kabisa. Nilikuwa nimeviona kwa macho haya wiki baada ya wiki, na nilidhani tu kimoja nilikikosea siku. Nikahesabu kwa kidole. Kutoka cha kwanza mpaka cha pili, siku ishirini na saba. Cha pili mpaka cha tatu, ishirini na saba. Cha tatu mpaka jana jioni, ishirini na saba.

Mwezi haukuwa ukingoja tarehe zangu. Ulikuwa ukirudi kwa Kilimia siku tatu na kidogo kabla, kila safari, na siku hizo zilikuwa zimelundikana kimyakimya mpaka zikawa kumi na tisa. Ushahidi wote ulikuwa ukutani, kwa mkono wangu. Nilikuwa nimeuchora kwa kupenda na sikuwa nimeusoma.

Nilipanda kwa Bibi Apolonia nikikimbia, nikaanguka mara mbili. Nilimkuta akimkatia ng'ombe majani ya migomba. Nilitaka kusema, Bibi, nilikosea mimi. Kilichotoka ni, "Bibi, nimeangalia upya. Ashuke leo."

Aliendelea kukata. "Umehesabu, au umeona?"

"Nimeona. Lakini sielewi. Mwezi mpya unakuja kila baada ya siku ishirini na tisa, thelathini. Kwa Kilimia unafika siku ishirini na saba. Mwezi ni huo huo mmoja."

"Nikienda sokoni," akasema, "muuza magadi amekaa pale pale siku zote. Nikizunguka soko mara moja, nimemkuta. Lakini huyu," akaelekeza panga kwa Roza aliyetoka na kibegi chake, kumbe kilikuwa kimefungwa tangu jana, "huyu nikimwacha mlangoni nikazunguka, nikirudi hayupo. Ameshasogea kwenye vitenge. Lazima niongeze hatua nimfukuze. Kilimia kimekaa. Jua linatembea. Mwezi mpya ni mpaka ulikute jua. Sasa, barua iko wapi?"

Niliandika barua juu ya goti langu. Tukashuka mpaka barabarani, tukasimamisha pikapu ya ndizi. Dereva akamwangalia Roza, akamwangalia mwenzake wa mbele, akamwambia, "Wewe panda nyuma, kaa na ndizi. Mama apite mbele." Na kwa Bibi: "Nitaendesha kama nimebeba mayai." Bibi akamjibu, "Mayai yanauzwa. Endesha kama umebeba mtu."

Roza alikaa kwa shangazi yake kule Rau, mjini, karibu na hospitali. Siku kumi na mbili alikaa, anatuma neno kwa kila anayepanda mlimani kwamba amechoka kukaa bure, anataka kurudi kupalilia maharage. Siku ya kumi na tatu, kabla ya ile tarehe yangu nzuri ya katikati ya Aprili, uchungu ukaanza saa kumi alasiri. Kabla ya jua kuzama alikuwa ameshapasuliwa na mtoto wa kike ametolewa akipiga kelele. Daktari alisema kovu lilikuwa limebaki jembamba kama karatasi. Wiki hiyo hiyo huku kwetu maji yalizoa karavati, na kwa siku tano hakuna gari lililoshuka wala kupanda.

Habari ilipofika nilikuwa peke yangu zahanati. Nilipiga magoti nikasali. Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Nilifungua daftari, nikachukua wembe, nikaikwangua ile tarehe ya Aprili. Taratibu, mpaka karatasi ikabaki nyembamba na laini. Juu yake nikaandika tarehe ya kweli ya Machi. Jina langu nililiacha pale pale: imehesabiwa na Filomena.

Nesi Yasinta aliporudi kutoka kozi, aliambiwa yote na watu, akafungua daftari, akaona tarehe sahihi na jina langu. Akaniita mbele ya akina mama wa Jumanne. "Mnamwona huyu? Nilidhani anaota. Kumbe anaota kwa faida." Wakapiga vigelegele. Bibi Apolonia alikuwa pale na mkungu wa ndizi wa kutushukuru. Nilimwangalia, nikingoja aseme. Alikuja mezani, akainama juu ya daftari kama anayenusa maziwa. Hakujua kusoma, lakini kidole chake kilipita palepale pembamba, kikasimama.

"Mwandiko wako mzuri, mjukuu wangu," alisema. Basi.

Nilimuuliza siku moja zile buni tisa alizipeleka wapi. Nilidhani zinazikwa, au zinawekwa mahali. Akanishangaa. "Nilizirudisha kwenye gunia. Si dawa zile, ni hesabu."

Miaka ikapita kama mnavyoijua. Ikaja kuchangia gharama, na akina mama wakaja wakiwa wamechelewa zaidi. Bei ya kahawa ikaanguka, watu wakang'oa mibuni iliyopandwa na babu zao wakaweka nyanya, na nilipohitaji punje za kuwafundishia wengine ilibidi nikaombe kwa jirani. Maana niliwafundisha, hilo niliweza. Kila mhudumu aliyepita mikononi mwangu alijua mara tisa kwa Kilimia si miezi tisa ya ukutani, na alijua kumuuliza mama, kabla ya kumwandikia tarehe, yeye mwenyewe anahesabu kwa nini. Wengine wanahesabu kwa Kwaresima, wengine kwa kupalilia, wengine kwa ng'ombe aliyepandishwa wiki hiyo hiyo. Zote ni kalenda. Usizicheke mpaka uzipime. Lakini nilipofundisha nilisema "niligundua". Sikusema nani alinifundisha.

Bibi Apolonia alifariki mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, akiwa na wajukuu watatu waliozaliwa na Roza, wote wazima. Nilikwenda mazishini. Nilikaa nyuma.

Siku yangu ya mwisho kazini mlipomaliza keki na picha, mliniambia nikabidhi funguo kesho, nipumzike. Niliwadanganya kwamba nimesahau mwavuli. Nikarudi peke yangu, nikaingia stoo ya madaftari ya zamani, nikalitafuta kwa kulipapasa, maana najua karatasi ile inavyohisi kwenye kidole. Nikalipeleka dirishani palipo na mwanga. Kando ya pale pembamba nikaandika tena ile tarehe mbaya ya katikati ya Aprili, kwa mwandiko wangu huo huo. Nikaipiga mstari mmoja, cha chini kisomeke. Nikaweka jina langu hapo kwenye kosa. Kisha nikashuka kwenye nafasi ya "tarehe imehesabiwa na", nikakata Filomena kwa mstari mmoja, na juu yake nikaandika Apolonia. Nikapuliza wino mpaka ukakauka.